Kupunguza Watu kwa Baiskeli

Kiwanda cha pamba nilichofanyia kazi kilikuwa nje kidogo ya mji wa Busia, na mimi nilikuwa nyapara wa wapakiaji na watu wa mashine. Uhuru ulikuwa bado mpya. Msimu huo pamba ilikuwa kidogo. Mvua iliipiga ikiwa ndio kwanza inatoa maua, na wakulima wengine walikuwa wameshageukia mahindi, maana mahindi mtu angalau anakula. Mashine zikawa zinanguruma asubuhi na kunyamaza kabla ya chakula cha mchana. Sote tulijua kinachofuata.

Ijumaa moja meneja aliniita ofisini. Alikuwa Mhindi wa makamo, si mtu mbaya, ila aliogopa kelele kuliko kitu chochote duniani. Mwaka uliotangulia aliwatangazia watu langoni kwamba kazi imeisha, wakamvunjia madirisha yote ya mbele. Safari hii alitaka mambo yaende kimya. Watu sita hawangerudi kazini Jumatatu, kila mmoja angeambiwa nyumbani kwake, na wa kuwaambia nilikuwa mimi.

"Wewe iko mtu yao," alisema. "Wewe najua nyumba yao. Enda ambia pole pole."

Wa sita alikuwa shemeji yangu, kaka ya mke wangu, aliyekuwa akitia mafuta mashine. Wale wengine walikuwa na mashamba ya kurudia. Yeye hakuwa nalo. Maji ya mto Nzoia yalilifunika shamba lao karibu na Rukala, na yalipoondoka yaliacha mchanga mtupu. Sasa aliishi na mke na watoto kwenye kibanda kilichosimama katika shamba la mtu wa kanisa lake, na nje ya ule mshahara hakuwa na kitu. Nilimwomba meneja amwache. Akaniuliza basi nimtoe nani badala yake, yule mwenzake wa mashine anayemtunza mama kipofu? Anayedhani kazi ya nyapara ni kupiga kelele tu hajawahi kuulizwa swali kama lile.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Aliendelea kuchambua mboga.

"Na wewe ndio utaenda kumwambia?"

"Heri mimi kuliko asikie barabarani."

"Basi umwambie vizuri," akasema. Kana kwamba kuna vizuri. Sikubishana naye.

Kitu ambacho meneja hakukijua, kwa miaka yake yote Busia, ni kwamba kwetu mgeni hasemi kilichomleta kabla hajala. Kukataa chakula ni kuitukana nyumba, na kutoa habari mbaya kabla ya chakula ni kuitukana zaidi. Na nyapara anapoingia kwa mfanyakazi wake amevaa koti, baiskeli imepanguswa, huyo si mgeni wa hivi hivi. Watu wanadhani ameleta heri.

Jumamosi nilianza na mzee mmoja wa kubeba marobota. Mkewe aliponiona alifuta kiti kwa leso yake na kuwatuma watoto wamkimbize jogoo. "Nyapara mwenyewe amefika kwetu leo!" aliwatangazia majirani. Niliulizwa habari za nyumbani, za wazazi, za ng'ombe ambao sina. Nikala ugali na kuku mpaka nikatosheka, ndipo nikasema. Mzee alitazama sahani. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Si ungesema mapema, baba, jogoo yetu ikiwa bado mzima?"

Alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa na haki, na jogoo alikuwa tumboni mwangu.

Wa pili alikuwa dereva wa lori, Mwislamu wa pale mjini. Kwake nilikula pilau juu ya ule ugali. Niliposema, alishusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, akaniongezea nyama. Wa tatu sikumkuta, alikuwa kisimani; nikala viazi kwa mama yake hata hivyo, na aliporudi nikamwambia. Wa nne na wa tano walikuwa Wateso, ndugu wawili, mbali huko karibu na Amagoro. Walikuwa wameketi na majirani kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu, nami nikapewa mrija. Nilivuta kidogo, kisha nikawaita kando nikawaambia. Mkubwa alicheka, akarudi chunguni akawaeleza wote, na mtu mmoja akanirudishia mrija akisema nimetoka mbali, ninywe. Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililonichosha kuliko kupanda milima. Wangenitukana ningepata nafuu. Nililala huko huko, na Jumapili nikageuza baiskeli kurudi Busia.

Nilifika kwa shemeji jua likiwa limeanza kulegea. Alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa shati jeupe. Alinipokea baiskeli, akaiegemeza ukutani, akanitolea kiti kimoja walichokuwa nacho. Yeye akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Watoto walinisalimia kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu njia nzima, na nilijua nitayasema baada ya kula, kama ilivyo desturi. Nilitegemea viazi, au ugali na mboga.

Ndipo nikamwona mke wa shemeji akiinama kwenye kona ya kibanda, mlangoni kabisa, na kumnyanyua kuku kutoka kwenye kiota. Alikuwa kuku wa kuatamia. Nyuma yake niliyaona mayai, yamejaa kiota. Uani hapakuwa na kuku mwingine. Mama yule alimshika mabawa na kumwita mtoto mkubwa alete kisu.

Nilisimama. Sikuweza kungoja.

"Mama, mrudishe," nikasema. "Shemeji, kiwanda kimepunguza watu. Wewe ni mmoja wao. Kesho usije kazini. Nimekuja kwa hilo tu, sikuja kula."

Niliyasema hivyo hivyo, wima, sijaonja hata maji, nyumbani kwa kaka ya mke wangu. Mama alibaki na kuku mkononi. Nilidhani nimewaokolea kitu. Mayai yale yangetoa vifaranga, nao wangekua watage mayai ya kuuza, na watoto wangepata mboga. Shemeji alitazama ile njia niliyojia, kisha akainuka, akachukua kisu kwa mtoto.

"Shemeji, wamefuta mimi," alisema taratibu. "Hii boma hawajafuta. Keti."

"Lakini mayai..."

"Keti, shemeji."

Akamchinja yeye mwenyewe. Tulingoja kuku aive, watoto wakiwa wamekusanyika karibu na moto kwa furaha, maana wao walikuwa hawajaelewa. Chakula kilipoletwa, shemeji alininawisha mikono. Alitafuta firigisi ndani ya mchuzi, ile ambayo kwetu ni haki ya mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. "Kesho wewe uko na kazi."

Nilikula. Shibe ya siku mbili ilikuwa imenifika kooni, lakini nilikula kila alichoniwekea, nikitafuna huku machozi yananitoka, na yeye akaniongezea ugali kama vile hayaoni.