Fundi wa uniform alivyoishonea ndege yangu mabawa ya kukua, na baba mkwe akiwa njiani

Wakuu, salamu kutoka Kanyakine. Najua wengine wenu mmepita hapa kwangu mkaona kitu uani mkacheka. Leo nawaambia ukweli wote, na mke wangu yuko hapa kando ananisahihisha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Lakini moyo wangu uko kwa ndege, na naunda moja ndogo ya mtu mmoja hapa nyumbani. Body iko kwenye zizi la zamani la ng'ombe, mabawa yako sebuleni. Viti vya sebuleni viko kwa mama yangu. Hapo msiniulize zaidi.

Mke wangu, Wawira, ni wa Karurumo, kule Embu. Siku ya mahari mjomba wangu alisimama mbele ya wazee akasema, "Kijana wetu anashughulika na mambo ya ndege." Hakudanganya, ila hakufafanua.

Baba mkwe akajisifu soko zima. Baadaye watu wakaanza kumuuliza hiyo ndege iko wapi, wengine wakamwambia binti yake ameolewa na kichaa. Mzee akapiga simu: anakuja Jumamosi kujionea.

Wakuu, niliogopa. Mabawa yalikuwa mbao tupu, ukiyaangalia haraka unaona kizimba cha kuku. Wawira amenitetea kwao tangu tuoane. Mzee angekuta mifupa, aibu ingekuwa ya Wawira kabla ya kuwa yangu. Ilikuwa lazima mabawa yavikwe nguo.

Kwa wasiojua: bawa la ndege ndogo huvikwa kitambaa cha polyester kama mto kwenye foronya. Unapitisha pasi ya moto kinajikaza, unakishona kwenye mbavu, kisha unapaka dawa yake mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Pasi hukaza kidogo tu, haifanyi miujiza.

Kazi ya foronya nilimpa Mama Makena, anayeshona uniform za shule pale sokoni. Nikampa vipimo vyote.

Ijumaa akaleta. Upana sawa kabisa. Urefu sasa! Kitambaa kimepita ncha ya bawa hatua nzima, kinaning'inia kama mkono wa sweta ya mtoto wa Grade One.

"Mama Makena, hii ni kubwa."

"Nimeacha ya kukua."

"Hii ni bawa! Haikui!"

"Wazazi wote husema hivyo. Term ya pili wananirudia."

Nikachukua makasi yake. Akaninyang'anya, akasema nguo yake haikatwi akiwa hai, akaenda zake. Wawira akasema tupige pasi kwanza, labda itarudi. Haikurudi. Tukakunja kilichobaki kwa ndani tukabana na pini, na Jumamosi asubuhi mzee akabisha hodi.

Ni mtu mkubwa wa mwili. Akapita zizini kwanza akaiona body, kisha akazunguka sebule mikono ikiwa nyuma, kama anakagua ng'ombe wa kununua. Akagonga bawa, likalia vizuri. Akaguna. Akashika ncha, pini zikaachia, kitambaa chote kikamwangukia mikononi.

"Na hii?"

Nikaanza kuokota pini. Mama Makena alikuwa mlangoni, eti amekuja kusalimia mgeni. Akajibu, "Ni ya kukua, mzee."

Uso wa mzee ukafunguka. "Kumbe bado inakua! Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini kiti ni moja. Basi ikimaliza kukua utanibeba hapo nyuma. Tupite Karurumo polepole, hao watu wanione."

Huku kwetu mkwe haambiwi hapana. Unasema ndiyo, halafu unaenda kuteseka peke yako. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sawa, Baba."

Wawira alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee akamwambia, "Bwana yako ni fundi." Sitaficha, wakuu, nilifurahi karibu nilie.

Sasa, watu wawili wanataka bawa refu. Nikavua zile foronya, kazi ngumu kuliko kuvua gumboots zenye matope. Nikaunda nguzo za mabawa upya, nene na ndefu, nikaongeza mbavu kwenye ncha, nikatia kiti cha pili. Nikavisha tena.

Zimetosha kabisa. Mama Makena alipita akaangalia, hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliniuma.

Haijaruka bado. Wakaguzi lazima waione kwanza, na mimi sina haraka ya kuacha mjane.

Nilichojifunza: ukimpa fundi wa uniform kazi, kubali kwamba kitu chako ni mtoto. Kama nawe mkwe amekuingiza kwenye shida ukasema "sawa", tueleze hapa chini, tusicheke peke yetu.

NYONGEZA: Mzee amepiga simu sasa hivi. Mama mkwe naye anataka kupanda. Nimesema sawa. Nimeenda kwa Mama Makena nikiwa mnyonge, nikamuuliza kama kitambaa kilibaki.

Hata hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Cha nini? Fungua pindo. Bado iko ingine ndani."