Meno ya Rangi ya Ilonde

Umri wa ng'ombe husomwa mdomoni. Dalali humshika mnyama puani, hufunua mdomo wa chini, na kwa meno anayoyakuta humwambia mnunuzi kama huyu ni mtamba wa kuzaa mwakani au kikongwe wa kuchinjwa. Juu hapotezi muda. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu. Yoramu Chilewa wa Mkonze alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi katika minada ya pembeni mwa Dodoma, mpaka siku maksai mmoja mwekundu alipogeuza kichwa ghafla na pembe ikampiga mdomoni.

Hakuzimia. Alikaa vumbini, akatema, akayaona meno yake mawili ya mbele ya juu yakiwa kiganjani. Wachungaji walimzunguka wakimpa pole, kisha mmoja akashindwa kujizuia.

"Sasa umekuwa ng'ombe kamili, Yoramu. Juu hakuna kitu!"

"Njoo tukupime umri," akadakia mwingine.

Yoramu alicheka nao, akauliza kama maksai ameshauzwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Biashara ya mifugo ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye mtaji, na malori kutoka Dar es Salaam na Morogoro yalileta wanunuzi ambao hakuna aliyewajua. Mfugaji mwenye Kiswahili cha kubahatisha alihitaji mtu wa kusimama kati yake na mgeni. Yoramu aliaminiwa kwa sababu alikuwa Mgogo mzaliwa wa Ilonde, na hata asiyelijua jina lake aliujua mdomo wake. Waliokulia Ilonde wana meno ya kahawia yenye mistari, kazi ya madini yaliyomo katika maji ya kisima chao. Mfugaji wa upande ule akiyaona meno hayo mnadani hujua amempata mtu wa kwao.

Baada ya kung'oka meno, herufi zilizohitaji meno ya juu zilimtoka na upepo. Kwa miezi kadhaa kila fahali aliyepita mikononi mwake aliitwa dume. Akaanza pia kufunika mdomo kwa kiganja kila alipozungumza.

Hatimaye alikwenda kwa Ludovick, fundi wa meno ya bandia katika hospitali moja ya mjini. Ludovick alimng'atisha nta laini ili apate umbo la kinywa, kisha akamwekea mbele meno ya mfano, yamepangwa kuanzia meupe hadi ya manjano iliyokolea.

"Haya," alisema Yoramu, akigusa yale meupe kuliko yote.

"Yatatofautiana sana na mengine, mzee."

"Ndiyo maana nayataka."

Alijiona amepata bahati. Meno ya kwanza hakuyachagua, ya pili angeyachaguaje kahawia? Akarudi Mkonze na kipande cha plastiki ya waridi kilichoshika kwenye kaakaa, mbele kikibeba meno mawili yaliyong'aa kama vigae. Mkewe Dorothea, mwenyeji wa Busi huko Kondoa, ambako maji hayapaki mtu rangi, alimtazama mdomoni.

"Baba Lea," alisema, "umeezeka bati kwenye tembe."

Akacheka mpaka akakaa chini. Yoramu naye alicheka, mdomo umefunikwa.

Sasa aliweza kusema fahali bila shida. Aliweza kula ugali na mlenda kama zamani, na nyama aliikata kwa kisu na kuitafunia upande. Lakini kiganja hakikushuka. Kwanza kilificha pengo, sasa kilificha weupe. Mnadani hakufungua kinywa bila kukitangulizia mkono.

Mtu aliyemwonyesha gharama ya mkono huo ni Mzee Sila, mfugaji ambaye kwa miaka hakuwahi kuuza mnyama kupitia dalali mwingine. Alikuja na fahali mweusi. Yoramu alisimama kati yake na mnunuzi wa Dar es Salaam, akageukia upande wa mnunuzi, akaweka kiganja mdomoni na kusema bei. Mnunuzi akajibu. Yoramu akasema tena, kiganja palepale.

Mzee Sila aliivuta kamba.

"Baba, mbona tunakaribia kuelewana?" Yoramu aliuliza.

"Mnaelewana nyinyi wawili. Mimi sijaona ulichosema."

"Nilisema bei yako uliyonipa."

"Basi ungeisema kwa mdomo. Mtu anayesema nyuma ya mkono ana mawili ya kusema."

Akamhamishia fahali wake dalali mwingine. Wiki iliyofuata wafugaji wengine wawili walimpita Yoramu bila kusimama. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri, wakaendelea mbele na kamba zao.

Jioni alimweleza Dorothea, tena akiwa amefunika mdomo.

"Meno hayana kosa," alisema Dorothea. "Ni huo mkono. Ushushe."

"Nikiushusha watacheka."

"Wakicheka watakuwa wamekuona. Sasa hivi hawakuoni."

Alijaribu siku mbili. Mkono ulipanda wenyewe. Siku ya tatu alirudi kwa Ludovick na kumwambia anataka meno ya kahawia, yenye mistari.

"Mzee, mimi nimesomea kuyafanya meno yapendeze."

"Basi yafanye yapendeze Ilonde."

Ludovick alifikiri, kisha akasema hawezi kubahatisha. Angehitaji kuona mistari inavyopita kwenye meno mawili ya kati, na ya Yoramu yalibaki mnadani siku ile. Yoramu akamleta dada yake Yudith, ambaye tangu utoto watu walisema wamegawana mdomo mmoja. Yudith alikaa kwenye kiti cha hospitali, kinywa wazi, fundi akichungulia na kuchora.

"Nikifa uniachie japo cha kuzikwa nacho," alisema alipopewa nafasi ya kumeza mate. "Kanga yangu nilishakuazima ukaipoteza. Sasa na meno?"

"Nyamaza, anachora."

Ludovick alichukua meno yaliyokolea kuliko yote aliyokuwa nayo, akayakwaruza mistari kwa sindano, akaijaza rangi ya hudhurungi na kuyapiga msasa. Alirudia mara kadhaa kabla ya kuridhika. Meno meupe aliyafunga kwenye karatasi akamrudishia mwenyewe, na Dorothea akayaweka kwenye kopo la vifungo, ambamo yamekaa hadi leo.

Mnada uliofuata Yoramu alifanya kazi kwa mikono yote miwili. Mmoja ulishika pua ya ng'ombe, wa pili ulifunua mdomo, na wa kujifunika haukuwepo. Mzee Sila alikuwa amesimama pembeni na mtamba, anatazama. Mwishowe akasogea.

"Mbukwa, baba," Yoramu alimsalimia kwa Kigogo.

Mzee aliitikia, macho yakiwa mdomoni mwa dalali.

"Waliniambia unafunika mdomo kwa sababu pembe ilikung'oa meno."

"Ni kweli, baba."

"Meno hayo hapo. Ya Ilonde, nayaona." Sauti yake ilikuwa ya upole, na kwa hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kama yapo, siku ile ulikuwa unaficha nini?"

Waliokuwa karibu wakasogea wasikie. Yoramu angeweza kueleza habari za nta, za weupe na za kopo la vifungo, na kila neno lingesikika kama la mtu anayetafuta njia ya kutokea. Badala yake alitia kidole gumba nyuma ya meno, akasukuma, akatoa kila kitu na kukiweka kiganjani mbele ya mnada mzima.

Mzee Sila alitazama kiganja. Kisha akamshika Yoramu kidevu, vilevile kama Yoramu anavyowashika ng'ombe.

"Funua."

Yoramu alifunua. Mzee alichungulia ufizi mtupu kwa makini, akageuza kichwa cha dalali upande wa jua, akachungulia tena.

"Huyu ni mzee kuliko anavyosema," aliwatangazia watu, na kicheko kikapasuka mpaka kwenye malori.

Yoramu alicheka kinywa wazi, pengo likionekana lote.

"Rudisha, mwanangu, inzi wataingia," alisema Mzee Sila, akamwekea kamba ya mtamba mkononi. "Kisha umtazame huyu. Na bei uiseme kwa sauti."