Nilipokuwa na Jina Kamwokya

Nakumbuka alasiri moja pale Kamwokya, mtaa niliokulia, mwanangu, na nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia ukijisifu kwenye simu kwamba mtaani una jina. Neno hilo nalijua. Hata sisi tulilitumia. Mwenye jina ni yule ambaye akisema jambo, wenzake wanalipokea bila kuuliza. Na kwetu sisi, jina lilipatikana kwa kufunga mdomo mbele ya polisi.

Alasiri hiyo ulizuka ugomvi nje ya duka la kanda za muziki. Mkubwa wa genge letu, Jabali, akarusha jiwe, likampata mwenye duka kichwani. Polisi walipofika, Jabali alishatoweka. Wakamkamata rafiki yangu Okello, aliyekuwa ameinama akimfunga mzee yule jeraha kwa shati lake mwenyewe. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo.

Kesho yake mama yake Okello, mjane wa askari kutoka kaskazini, alinikuta nimekaa na wenzangu.

"Mtoto yangu," akasema, "wewe iliona. Enda sema ile uliona tu."

Vijana wote wakanitazama. Nikajibu, "Mama, mimi sikuona kitu."

Polisi walipokuja kuuliza, nikarudia hivyo hivyo, wakaandika. Jabali akanipigapiga begani. Nilijiona mkubwa, Mungu anisamehe.

Marehemu baba yangu, mwalimu wa madrasa kule Mengo, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Siku utakayotaka kuaminiwa, utamwendea nani?"

Miezi ikapita, Okello bado amefungwa, na swali la baba likawa haliniachi. Nikaenda kituoni kusema nilichokiona. Askari akafungua kitabu chake.

"Kijana, hapa ulisema hukuona. Leo macho umetoa wapi?"

Niliapa, nikalia. Akanionyesha mlango.

Okello alifia rumande kwa homa, kesi yake haijasikilizwa. Mazishini nilimwamkia mama yake. Hakuitika, na hakuniitikia tena mpaka alipofariki.

Basi mwanangu, ukiona jambo, liseme siku hiyo hiyo, hata wenzako wakikutenga. Usingoje moyo ukusute. Mimi nilingoja, na ukweli wangu haukumfaa mtu. Sijui kama utanisikia. Mimi sikumsikia baba.

Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi unaosema kweli mapema, akuepushe na majuto haya ninayokwenda nayo kaburini. Amina.