Swali la Kumi na Nne

Mimi ni mtu wa karatasi. Nimefundisha usimamizi wa biashara chuoni kule Njoro miaka mingi, na kila nikiona watu wawili wakifanya kazi pamoja, mkono unaniwasha, nataka kuwapa fomu wajaze. Ndivyo nilivyofika mtaa wa Free Area mwaka juzi, na hojaji yangu kwapani, kutafuta jibu la jambo lililokuwa likinisumbua. Kwa nini makampuni yenye bima na marupurupu hukimbiwa na wafanyakazi kila kukicha, ilhali mafundi wa sofa kwenye mabanda ya mabati kando ya barabara hawabanduki?

Mstari ule wa mabanda hauna meneja wala kibali cha kaunti. Una kamati. Kamati ndiyo inayoamua nani atafagia Jumatatu, mashine zizimwe saa ngapi jirani akiwa na matanga, na mgeni apewe banda lipi. Mwenyekiti ni mama anayewapikia wote chai ya saa nne, mwenye sauti nzito, asiyependa kurudia neno. Alinikaribisha vizuri, akanipa kikombe.

Kwa kiherehere changu sikungoja kuelezwa desturi za pale. Nilimwendea fundi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akishona kitambaa cha sofa ndani kabisa ya banda la tatu, nikamvuta pembeni ili awe huru kusema. Sisi wasomi tunaamini mhojiwa akae mbali na mwajiri wake. Tulielewana vizuri hadi swali la kumi na nne: umewahi kufikiria kuacha kazi hii?

Aliangusha macho.

"Eeh," akasema polepole. "Nimewahi."

Mwajiri wake, mwenye banda, alikuwa amesimama nyuma ya kabati lililosubiri vanishi, na alisikia yote.

"Kumbe madam umekuja kuniibia fundi!"

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Nilicheka peke yangu. Nyundo zilinyamaza banda moja baada ya jingine, na mwenyekiti akaja kunieleza taratibu, mimi sasa nikiwa ndiye mwanafunzi. Pale, anayemtaka fundi wa mwenzake huja saa ya chai akalisema mbele ya wote, vikombe vikiwa mkononi. Kumuuliza fundi pembeni kama anafikiria kuondoka ni wizi. Na fundi anayejibu pembeni hafukuzwi na mwajiri wake tu. Hakuna banda litakalompokea katika mstari mzima.

Yule mama alikuwa ameshona pale miaka kumi na mmoja, nami nilikuwa karibu kumpotezea kazi kwa dakika kumi. Nikaanza kujitetea. Nikatoa kitambulisho, nikatoa barua yenye muhuri wa chuo. Barua ilipita mkono kwa mkono ikanirudia na alama za gundi.

"Karatasi ni ya huko kwenu, madam," mwenyekiti akasema. "Hapa tunaongea."

"Basi makosa ni yangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemvuta kando. Yeye alijibu tu kwa heshima."

Nadhani hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza la maana kunitoka siku hiyo. Mwenyekiti alinitazama, kisha akaamuru chai ipikwe upya, saa sita kasoro, ili ihesabike kuwa ni saa ya chai. Nilitamani kumkumbatia. Nimeona kamati nyingi maishani mwangu, lakini sijaona nyingine iliyorudisha saa nyuma ili kumwokoa mtu.

Tukasimama na vikombe, mstari mzima. Mwenyekiti akamgeukia fundi.

"Sasa sema mbele ya watu. Unaenda ama unabaki?"

Yule mama hakulia wala hakuomba msamaha, nami nilimpenda kwa hilo. Alipuliza chai yake, akanywa funda moja.

"Nabaki. Sijawahi taka kwenda kwa mtu mwingine. Lakini huko ndani ni giza na macho imeisha. Siku hizi uzi naingiza kwa kubahatisha. Nilikuwa nafikiria niende tu nyumbani nikalime viazi, kabla sijaharibia boss jina."

"Na mbona hukuniambia?" mwajiri akauliza.

"Hukuniuliza."

Mwanamume yule, ambaye asubuhi nzima alikuwa akiongea bila kupumua, aligeuka akachungulia kule ndani kwenye giza. Nami nilisimama pale na hojaji yangu ya maswali arobaini, nikijua kwamba hakuna hata moja lililouliza mtu anaketi wapi. Niliona aibu, na papo hapo nikaona furaha ambayo sijaipata ofisini kwangu hata siku moja.

Mwajiri aliweka kikombe chini. Akaenda mlangoni, kwenye meza yake ya kupokelea wateja, mahali penye mwanga kuliko pote bandani, akainama na kushika upande mmoja.

"Madam wa maswali," akaniita. "Kuja ushike upande huo mwingine."