Divert ya marehemu baba kwenye simu ya mama: simu ya Jumanne ndiyo imenishinda

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi humu huwa napita kusoma na kucheka tu. Leo mnivumilie. Sitaongeza chumvi, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni mwalimu huku Mbulu. Nyumbani ni Endasak, kule juu kwenye mteremko wa Hanang. Mzee alifariki mwaka jana. Mama amebaki na ng'ombe wawili na amekataa kuhama. Ukimwambia aje kwangu, anakuuliza ng'ombe atawaachia nani. Mazungumzo yanaishia hapo.

Anatumia kasimu ka batani, kamefungwa na mpira kasiachie betri. Kanatundikwa kwenye msumari dirishani, maana hapo ndipo mtandao unapokamata.

Krismasi nilikuta kanahangaika: mara mnara wa kampuni yake, mara roaming kwenye mnara wa kampuni nyingine, chaji inaisha. Mimi fundi wa ukoo nikaingia kwenye setingi. Nikazima roaming, nikaweka network selection iwe manual, ishike mnara wa kampuni yake tu. Nikajipongeza kabisa.

Shikeni hapo.

Huwa nampigia mama saa kumi na mbili jioni, akitoka kukamua. Jumamosi moja mwezi uliopita nikapiga. Ikaita, ikapokelewa.

"Shikamoo mama."

Upepo. Kengele ya ng'ombe kwa mbali. Halafu mtu akakohoa.

Wakuu, kikohozi kile nakijua. Mzee hakuwahi kutuita majina alfajiri. Alikuwa anasimama mlangoni anakohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu, ukajua amka kuna kazi.

Simu ikakatika.

Jumapili hivyohivyo. Safari hiyo niliweka spika mke wangu asikie. Akaniangalia.

"Huyo si baba?"

Akaenda jikoni.

Nikajaribu jirani wa mama, hapatikani. Jumatatu sikupiga kabisa. Niliogopa. Mwanaume mzima, nafundisha watoto sayansi, naogopa kumpigia mama yangu.

Jumanne saa ileile nikajikaza. Hakukuwa na upepo wala kengele. Kikohozi tu, karibu kabisa na sikio. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Kikarudia. Kikarudia tena.

Nikakata. Nikamwambia mke wangu kesho alfajiri naondoka.

Jumatano nilipofika nilimkuta mama sakafuni chini ya dirisha, mguu umevimba. Aliteleza zizini Jumanne jioni akikamua, akajikokota hadi ndani, akaiangua simu kwa fimbo.

"Nimekubonyeza mpaka kidole kimechoka, baba yangu," akasema. "Haiendi. Nikasema labda mmenichoka."

Nikaangalia kioo. Hakuna mtandao. Mnara wa kampuni yake ulikuwa umezima tangu Ijumaa, na laini ya jirani ni hiyohiyo. Mnara mwingine ulikuwepo, mzima, na roaming ingeushika. Ni mimi niliyeuzuia, kwa vidole vyangu hivi.

Nililia wakuu. Sioni haya kusema.

Nikarudisha automatic, nikawasha roaming, ndani ya dakika moja ukakamata. Nikamtafuta mwenye gari, tukampeleka hospitali. Mfupa ulikuwa na ufa, wakaufunga.

Tukiwa kwenye benchi nikakumbuka vile vikohozi. Nikapiga *#62# kwenye simu ya mama, kuona simu zake zinaelekezwa wapi asipopatikana. Ikaja namba ya mzee. Kumbe zamani aliweka divert: mama asipopatikana, simu iende kwake.

"Mama, simu ya baba iko wapi?"

"Si ilienda Gitting kwa baba yako mdogo? Na koti, na fimbo yake."

Siku walipogawa vitu vya marehemu nilikuwa nimesharudi kazini. Na hakuna aliyefikiria kutoa laini.

Nikacheka peke yangu pale kwenye benchi. Nafuu niliyoipata siwezi kuieleza.

Kesho yake nikaenda Gitting. Baba mdogo hajawahi kumiliki simu kabla ya hiyo ya mzee. Ikiita akiwa machungani anabonyeza ile ya kijani ili inyamaze, anairudisha mfukoni. Na kikohozi chake ni kile cha kaka yake, tumbo moja. Basi, fumbo limekwisha.

Nikamtania, "Lakini Jumanne ulinikohoa sikioni hasa, baba mdogo."

"Jumanne ipi?" akasema. "Hii imezima tangu Jumapili jioni. Iliita mara moja ikafa. Chaja hawakunipa, huwa nachajisha dukani nikishuka."

Akaitoa kwenye koti la mzee. Nikabonyeza. Haikuwaka.

Wakuu, simu ikiwa imezima, ukipiga unaishia kwenye ule ujumbe wa haipatikani. Hilo najua. Lakini kwenye simu yangu, kumbukumbu ya ile ya Jumanne ipo, imepokelewa, na imehesabu zaidi ya dakika. Saa ileile aliyoanguka mama.

Funzo langu: mzazi akikaa mteremkoni, usimzimie roaming eti unaokoa chaji. Acha automatic. Kagua divert. Na laini ya marehemu msiigawe na koti.

Mimi divert ya kwetu nimeifuta. Nilipiga ##002# mbele ya mama, nikiwa nimeshamsimulia yote.

"Umefanya nini?"

"Nimeondoa simu zako zisiende kwa baba."

"Umemtoa?"

"Ndiyo, mama."

Akaangalia ule msumari dirishani.

"Haya. Sasa nikianguka tena, nani atakuamsha?"

Wataalamu wa mitandao karibuni, hata wenye imani zenu karibuni.