Saa Isiyo na Kifundo

Wodi nzima ilimwita Mama Dakika, maana katika miaka thelathini ya ukunga hakuna mtoto aliyemwacha azaliwe bila yeye kutupia jicho saa yake. Alipenda za kale, zile za kutia ufunguo. Alikuwa nazo ishirini na sita, zimepangwa kwenye droo juu ya taulo, na kila asubuhi alizungusha vifundo vyake vya ubavuni kimoja kimoja kabla ya chai. Mumewe alimtania kwamba yeye ni wa ishirini na saba kwenye foleni.

Wiki aliyostaafu, mdogo wake, fundi wa minara ya simu, alimletea saa mpya. Aliipokea kwa ncha za vidole.

"Haina hata kifundo, mdogo wangu. Ya kale ni dhahabu."

"Sawa dada. Hebu iweke hapo nje, kisha ubonyeze hapa."

Mdogo mtu alikuwa ameivuruga makusudi. Ilionyesha saa nane, na ilikuwa asubuhi bado. Mama Dakika akaiweka juu ya ukuta wa baraza, akabonyeza. Mshale wa sekunde ukasimama. Halafu mishale mingine ikaanza kwenda yenyewe, taratibu, ikapita tisa, ikapita kumi, ikazunguka hadi ikatua saa tatu na dakika kumi na mbili.

"Imemuuliza nani?" alinong'ona.

"Setilaiti. Huko juu."

Aliinua uso. Hakuona kitu ila kunguru mmoja na weupe wa mawingu. Vinyweleo vilimsimama.

Siku hiyo aliilaza kando ya saa aliyoiamini kuliko zote, ile ya kazini, akazilinganisha. Kesho yake, ile ya kazini ilikuwa nyuma dakika nne. Akacheka mpaka machozi.

"Watoto wa watu nimewaandikia saa za uongo."

"Hakuna aliyerudi kulalamika," mdogo wake akamtuliza.

Miezi iliyofuata alibadilishana saa na mpenzi mwingine wa za kale, akapewa za kisasa, akabakiwa na za kale tatu tu. Katika mpya alizopata, moja ilihesabu mapigo ya moyo. Alimvalisha mumewe mkononi, akakaa karibu naye. Sitini na nane. Sabini. Sitini na tisa.

"Kumbe moyo wako unafanya kazi hivi mchana kutwa," alimwambia polepole, "na mimi nipo jikoni, sina habari."

Mumewe hakutania. Aliuweka mkono juu ya goti, wote wawili wakaitazama saa.