Fundi Aliyehamisha Kanisa Tofali kwa Tofali

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Kilolo bado umelalia mashamba ya pareto, na Gideoni Kikoti ameshapanda jukwaani na nyundo yake. Chini wamesimama watu wapatao sitini, wamejitanda migolole. Leo fundi anaondoa mbao zilizoshikilia tao la mlango wa kanisa. Ama tao litasimama lenyewe, ama litaporomoka mbele ya macho yao.

"Likianguka, wazee watajenga kwa miti na nyasi, wameshaniambia," anasema huku akipapasa matofali. "Na mimi ndiye niliyewaapia kwamba kanisa linahamishika."

Kijiji kilihamia kando ya barabara mwaka 1974, kwa amri ya serikali. Nyumba za miti ziliachwa bila machozi, lakini kanisa la Kilutheri la matofali ya kuchoma, lililowachukua wazazi wao miaka mitano kulijenga, lilibaki peke yake porini, maili nne kutoka hapa. Wengi walishakata tamaa. Gideoni, mkulima wa mahindi aliyefundishwa uashi na baba yake, akakataa katakata.

"Baba aliyachoma matofali yale huku anaimba," anasema. "Leo niwaachie nyani?"

Basi wakakubaliana kila anayekuja ibadani Jumapili aje na matofali mawili aliyoyafuata kule. Ibada ikafanyika uwanjani, kando ya rundo. Kwa miaka miwili yamefika matofali elfu tisa na mia nne, na fundi hajachukua hata senti.

Kosa lilikuwa moja, nalo nusura liwaumbue. Tao lina matofali ishirini na saba, yaliyochongwa yawe membamba upande mmoja. Wakati wa kubomoa, hakuna aliyekumbuka kuyatenga. Yalipotafutwa, saba hayapo.

Gideoni akazunguka jiko kwa jiko. Matatu aliyakuta kwa mzee wa kanisa mwenyewe, Yotamu Mgimwa, yamegeuzwa mafiga.

"Mke wangu alisema yanashika chungu vizuri," anajitetea Yotamu, na watu wanacheka.

Manne yaliletwa na jirani, Paskalina Kihwele, aliyeyafukua kwenye kifusi kule porini bila kuombwa. Paskalina ni Mkatoliki, lakini kila Jumapili akitoka kusali hujitwisha matofali ya Walutheri maili zote nne.

"Mume wangu alipofariki, hawa walilala kwangu siku saba," anasema. "Sasa mimi nikae niwatazame tu?"

Juu ya jukwaa, Gideoni anagonga kabari ya mwisho. Mbao zinashuka. Mchanga kidogo unamwagika, mama mmoja anaziba mdomo. Halafu hakuna kingine kinachoanguka. Fundi anashuka na kusimama katikati ya mlango, kofia mkononi, tao limetulia juu ya kichwa chake. Vigelegele vinapasuka.

"Najivuna, sifichi," anasema, machozi yakimlengalenga. "Mchungaji atanisamehe."

Baada ya mavuno anataka kujenga mlango kama huu kwenye kigango cha Wakatoliki, ambao bado wanasali ndani ya kibanda cha nyasi. Yotamu anashtuka.

"Kwa Waroma? Watakulipa nini, Gideoni?"

"Mzee wangu," fundi anamjibu, "nenda kaitazame shingo ya Mama Paskalina, halafu rudi uniulize tena habari ya malipo."